Nafasi ya Thelathini na Moja

Ijumaa ile ya mwisho kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kiwanja cha kusubiria wageni kwenye Uwanja wa Ndege wa Fort Dempsey, Nebraska, kilifurika magari hadi kwenye nyasi. Kila dereva alikuwa na simu mkononi, akingoja mtu wake ashuke kwenye ndege, apige, aseme begi nimeshalipata, njoo. Injini zilinguruma ili watu wasigande, watoto walipigana kwenye viti vya nyuma, na redio zilikuwa zikitangaza theluji. Katikati ya vurumai hiyo alipita Corinne Vasek, mwanamke wa miaka thelathini na minne, kavaa kizibao cha njano cha kung'aa juu ya koti jeusi, kofia ya sufu nyekundu kichwani na ubao wa kuandikia kwapani. Aligonga kioo kimoja baada ya kingine.

Maswali yake yalikuwa matatu tu. Unamsubiri nani, ndege gani, na umefika saa ngapi. Akiulizwa ni ya nini, alijibu kwamba wanahesabu magari, basi. Ndivyo ilivyo kanuni ya kazi hiyo, kwani dereva akiambiwa kwamba maegesho yake huenda yakahamishwa, hatatoa majibu tena, atatoa hotuba. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba bibi huyu mwenye pua iliyopigwa na baridi ndiye mpangaji mkuu wa barabara, maegesho na magari ya kukodi ya uwanja ule. Angeweza kutuma vibarua. Lakini Corinne alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho yake mwenyewe, jambo lililowachosha wenzake ofisini.

Kwenye nafasi ya thelathini na moja palikuwa na pikapu ya kijani, ya zamani, imejaa mabomba na spana nyuma. Ndani alikaa mwanamume wa makamo hivi, shati zito la mirabamiraba, kofia ya kampuni ya mbegu, ndevu zilizopunguzwa kwa haraka.

"Unasubiri ndege gani, bwana?"

"Hakuna."

"Basi unamsubiri nani?"

"Hakuna."

Corinne akaitazama karatasi yake. "Fomu yangu haina kisanduku cha hakuna."

"Basi niandike mimi mwenyewe. Lyle Ostergaard, fundi wa mitambo ya kumwagilia mahindi. Nimefika saa kumi na dakika kumi, naondoka saa kumi na moja na nusu. Abiria sina. Kahawa ya moto ninayo, na wewe bibie midomo imeshakuwa ya buluu."

Kanuni za kazi zilikataza kuingia kwenye gari la mhojiwa. Corinne alizikumbuka zote vizuri sana alipokuwa akifunga mlango wa pikapu na kupokea kikombe.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Ijumaa simu ya Corinne ililia saa kumi na dakika kumi, huko juu kwenye ofisi za ghorofa ya tatu, na sauti nzito ilisema neno moja: nimetua. Naye alijibu, abiria anatoka mlango gani? Lyle alisema mlango wa wanawake wakaidi. Corinne alishuka mbio, ubao wake wa kuhesabia kwapani, mfuko wa karatasi mkononi, ndani yake mikate iliyojazwa nyama na kabichi, wakala humo humo ndani ya pikapu huku vioo vimejaa mvuke. Wakati mwingine alileta mchuzi wa nyama na maharage pamoja na andazi la mdalasini, wakagombana kama ilivyo desturi ya huko, Lyle akitaka kuchovya andazi kwenye mchuzi na Corinne akimwambia mtu anayefanya hivyo hafai kuoa. Yeye alichovya vilevile, tena huku akimtazama machoni.

"Sasa mbona hutaki twende kula mahali penye meza?" Corinne alimuuliza siku moja. "Unanionea haya?"

"Jumamosi nakupeleka popote. Ijumaa niko hapa."

"Kuna nini hapa?"

"Napenda kuona ndege zikishuka."

Corinne aliridhika na jibu hilo, ingawa katika miezi yote ile hakumwona hata mara moja akiinua uso kutazama ndege. Macho ya Lyle yalikuwa chini, kwenye lami. Siku moja walikuta gari jingine limeegeshwa pale kwenye thelathini na moja, na pembeni nafasi ziko tupu tele. Lyle hakwenda kwingine. Alisimama nyuma ya gari lile kwa dakika ishirini, injini inaunguruma, mpaka mwenyewe akaondoka. Corinne akacheka hadi machozi. Lyle hakucheka, na mapenzi yakamfumba Corinne macho, akaona ni utani wa mtu asiyetabasamu.

Alimpenda kwelikweli. Alipenda anavyosikiliza bila kukatiza, anavyonukia grisi na sabuni kwa pamoja, anavyomwita mpenzi kwa sauti ya chini kana kwamba neno lenyewe linaweza kuvunjika. Tatizo ni kwamba hakumwambia kazi yake. Alisema tu kwamba anafanya kazi ofisini, mambo ya takwimu. Mahali patakapojengwa kituo kipya cha magari ya kukodi palikuwa siri hadi siku ya mkutano wa hadhara, na Corinne alikuwa ameweka saini ya kutunza siri hiyo. Na mahali penyewe, kwenye michoro aliyoichora kwa mkono wake, palikuwa pale pale kiwanja cha kusubiria.

Aliionea fahari michoro ile. Kampuni tisa za kukodisha magari zilikuwa zimetawanyika nje ya uwanja, kila moja na basi lake dogo, na mabasi hayo yalizunguka mbele ya jengo la abiria mchana kutwa yakizibana njia. Kituo chake kingezikusanya zote chini ya paa moja, ghorofa nne, mahali pa kuosha magari na kutia mafuta humo humo, na abiria angefika kwa miguu. Wanaosubiri wageni wangehamishiwa kipande kidogo kando ya barabara kuu. Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba kipande kidogo kinatosha.

Mwezi wa Machi akakaa na takwimu zake kuzisafisha. Kila mpangaji hufanya hivyo. Gari lililokaa zaidi ya saa moja, na likaondoka bila kupita mbele ya jengo kuchukua mtu, huhesabiwa kuwa kosa, maana huenda dereva alisinzia au aliyehesabu alikosea, nalo hufutwa ili lisiharibu wastani. Corinne alipofika kwenye pikapu ya kijani, Ijumaa kumi na nne mfululizo, akatabasamu peke yake. Huyu ni wangu, alijisemea, si wa ripoti. Akaifuta mistari yote kumi na nne. Wastani ukatoka dakika kumi na tisa, safi kabisa, na mkuu wake, Bwana Harmon Gandy, akampongeza mbele ya ofisi nzima.

Mkutano wa hadhara ulifanyika Jumamosi moja ya Aprili, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari. Corinne alivaa suti ya buluu iliyokolea na hereni ndogo za lulu, nywele kazibana nyuma. Aliwasha michoro yake kwenye kitambaa cheupe, akaeleza, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha wananchi wakaanza kupanga foleni kwenye kipaza sauti, kila mmoja na dakika zake tatu, mzee mmoja wa halmashauri akishika kengele. Mmoja alilalamikia kelele. Mwingine alitaka choo.

Wa tatu alikuwa Lyle.

Corinne alipigwa na butwaa. Lyle alivaa koti la kanisani, viatu vimepigwa rangi, kofia kaishika mikononi, na alipoinua uso kuelekea mezani akamwona. Rangi ilimtoka. Alitazama jina la Corinne lililoandikwa kwenye kibao mbele yake, na cheo chini ya jina, akasoma polepole kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza kusoma.

"Naitwa Lyle Ostergaard," alianza. "Pale mnapotaka kujenga palikuwa shamba letu. Serikali ililichukua mwaka themanini na nane, mimi nikiwa mtoto mdogo. Baba alikubali, tukaondoka, sikuja kudai hilo. Nimekuja kwa sababu ya nafasi ya thelathini na moja. Chini yake kuna mtoto."

Watu wa nyuma wakainuka kumtazama.

Lyle aliendelea, macho kwenye kofia yake. Mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa mama yake alijifungua msichana wakati wa dhoruba ya theluji, barabara zimefungwa, daktari hakufika. Mtoto aliishi siku mbili. Baba yake akamzika chini ya mti wa mjozi, nje ya dirisha la jiko, na hakuna aliyeandikisha popote. Shamba lilipochukuliwa, mama aliogopa kusema, alidhani watamshtaki. Mjozi ukakatwa, lami ikamwagwa, pakawa maegesho ya kawaida. Mama akawa anakuja kuegesha pale, miaka na miaka, hata alipokuwa hana safari ya kwenda kokote. Miaka mitatu iliyopita, akiwa kitandani mwa hospitali siku ya Ijumaa, alimtajia mwanawe namba ya nafasi ile, na kesho yake akafariki. Tangu hapo Lyle huja kila Ijumaa badala yake.

Kengele ikalia. Mzee aliyeishika alionekana kutamani asingeishika.

Bwana Gandy akajisogeza kwenye kipaza sauti, mpole, suti yake ya kijivu haina hata mkunjo. Alisema anampa pole bwana huyu. Alisema kumbukumbu za makaburi zilikwisha kutazamwa na hakuna kitu. Kisha akafungua ripoti ya Corinne. "Tena tulichunguza matumizi ya kiwanja kile kwa miezi mitatu, kila Ijumaa. Hakuna gari hata moja lililokaa zaidi ya saa moja. Gari analolisema bwana huyu halimo kwenye takwimu zetu."

Lyle hakumtazama Gandy. Alimtazama Corinne.

"Corinne," alisema, bila kupaza sauti, mbele ya watu mia mbili. "Sikuwepo?"

Corinne alijua jibu, alijua hata dakika, maana aliziandika kwa mkono wake. Lakini Gandy alikuwa ameweka kidole juu ya ripoti, na halmashauri nzima ilikuwa imegeuka, na sauti haikutoka. Lyle alingoja. Alipoona hakuna kitu, akavaa kofia yake humo humo ukumbini, akaondoka.

Mchana ule Corinne alimpigia simu mara tano. Mara ya sita Lyle akapokea.

"Ulijua kwamba watachimba pale?"

"Nilijua, lakini mpenzi, sikuruhusiwa kusema. Na habari ya mtoto sikuijua. Ungeniambia—"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unakula pale juu yake, unacheka. Nilikuwa natafuta siku ya kukuambia bila kukuvunja moyo."

Maneno hayo yalimchoma Corinne, na aliyechomwa huwa hachagui la kusema. Bwana Gandy alikuwa ameshamnong'oneza kwamba huyu mwanamume alijua anachokifanya tangu mwanzo. "Na wewe," alisema, "siku ile ulinikaribisha kahawa kwa sababu nilikuwa naganda, au kwa sababu ya kizibao changu cha uwanja?"

"Kwa hiyo hivyo ndivyo unavyoniona," alisema Lyle, na simu ikakatika.

Jumapili Corinne hakula. Alikaa sebuleni na gauni la kulalia mpaka jua likapita dirishani, akijaribu kuwa na hasira, na hasira ikawa inamkimbia kila anapokumbuka pikapu ikisubiri nyuma ya gari la watu kwa dakika ishirini. Mtu hawezi kuigiza vile kwa ajili ya mpangaji wa maegesho. Alijiona mjinga, kisha akajiona mbaya zaidi ya mjinga. Kwa maisha yake yote alijisifu kwamba yeye huandika anachokiona.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini na kurudisha mistari yote kumi na nne. Akaandika barua kwa halmashauri, si kupitia kwa mkuu wake, akieleza kwamba pikapu ya kijani ilikuwepo kila Ijumaa, kwamba aliihesabu mwenyewe, kwamba aliifuta mwenyewe, na kwamba anaomba ardhi ile ipimwe kabla mtu yeyote hajatia nguzo. Mwisho aliongeza sentensi moja ambayo haikuwa na kazi kwenye barua ya ofisi. Alisema kwamba dereva alimpa kahawa, na kwamba Corinne mwenyewe ndiye aliyekwenda kugonga kioo.

Bwana Gandy aliisoma akiwa amesimama. Alimuuliza kama anajua kwamba jambo hili litachelewesha mradi. Corinne alisema anajua. Alimuuliza kama anajua kwamba mradi hautakuwa wake tena. Hilo hakulijua, likamshtua. Miaka minne ya kazi kwenye mradi ule. Akasema sawa.

Wapimaji walikuja katikati ya Mei, asubuhi ya jua kali, na mashine ya magurudumu inayosukumwa kama ya kukatia nyasi, ambayo hutazama chini ya ardhi bila kuchimba. Halmashauri iliwapa siku moja. Kiwanja kilifungwa kwa utepe. Lyle alisimama upande mmoja na shati lake la mirabamiraba, Corinne upande mwingine na gauni la kijani la kitani alilolivaa bila kujua kwa nini ameichagua rangi ile ya pikapu. Walisalimiana kwa vichwa.

Mpimaji, dada mmoja mwembamba mwenye kofia pana, aliisukuma mashine juu ya nafasi ya thelathini na moja. Akaenda, akarudi, akapita kwa mshazari. Akarudia yote. Kisha akaizima, akavua kofia.

"Pole sana, kaka," alimwambia Lyle. "Hapa hapajawahi kuchimbwa."

Lyle alimwomba ajaribu tena. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Corinne alimwona Lyle akichuchumaa na kuweka kiganja kwenye lami, na akaona usoni mwake jambo baya kuliko hasira ya siku ile ya mkutano. Lyle alikuwa anaanza kuamini kwamba mama yake alikuwa anaweweseka, kwamba hapakuwa na mtoto, kwamba amekaa pale miaka mitatu na ujinga wake. Wapimaji walianza kukunja utepe.

Corinne alisimama akitazama mistari myeupe iliyogawa nafasi. Mistari mizuri, iliyonyooka. Na hapo moyo ukamlipuka, kwa sababu aliijua mistari ile. Ilikuwa kazi yake ya kwanza alipoajiriwa, miaka minane iliyopita.

"Msiondoke," alisema. "Lyle, mama yako alianza kuja hapa lini?"

"Tangu nikiwa shuleni."

"Na miaka yake ya mwisho?"

"Hakuja. Miguu ilikuwa imemshinda. Labda miaka sita."

"Basi thelathini na moja yake si hii."

Lyle aliinua uso. Corinne alikuwa ameshachuchumaa mbele yake, gauni linaburura kwenye vumbi, anachora kwa kijiwe juu ya lami. Alimweleza kwa haraka, maneno yakigongana. Siku hizi watu wananunua magari makubwa, na yalikuwa yanagusana milango. Kwa hiyo kiwanja kilipakwa rangi upya, kila nafasi ikaongezwa nusu futi. Nusu futi si kitu. Lakini nafasi ni thelathini kabla ya kuifikia ile ya thelathini na moja, na nusu futi mara thelathini ni futi kumi na tano. Namba zote zilisogea, na aliyezisogeza ni yeye.

"Ni pale," alisema, akionyesha. "Kwenye ishirini na tisa."

Mpimaji akairudisha mashine. Alipita mara moja tu. Kwenye kioo chake kidogo kikaonekana kitu kama kivuli cha sanduku, fupi, limelala futi nne chini ya ardhi, limenyooka kuelekea mahali palipokuwa jiko. Mpimaji akavua kofia yake tena, safari hii hakusema pole.

Lyle aliketi chini pale pale kwenye lami, miguu imenyooka mbele yake.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nimekaa na lami tupu."

"Ulikuwa jirani yake," alisema Corinne. "Alikuwa anakusikia unavyobishana na mimi juu ya andazi."

Lyle akatoa sauti ambayo ilianza kama kicheko. Corinne akaketi kando yake, akamshika mkono, naye hakuutoa. Walikaa hivyo mpaka wapimaji wakamaliza kuandika, na Corinne akamwambia kila kitu, barua, Gandy, kioo alichokigonga mwenyewe. Lyle alisema barua ameisoma, halmashauri ilimpelekea nakala. Alisema sentensi ya mwisho ameisoma mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri. Hakumpigia simu kwa sababu ya aibu, basi.

"Sasa wasijenge?" Corinne aliuliza.

"Wajenge. Sijawahi kutaka wasijenge. Nilitaka mtu ajue kwamba yupo. Nitamhamishia kwa mama, kanisani kwetu."

Juma lililofuata walikwenda wote wawili kwenye jengo la kaunti kuomba kibali cha kumhamisha. Lilikuwa jumba la matofali lenye korido ndefu, watu wamepanga foleni kwenye madirisha, huyu anafuatilia hati ya ardhi, yule namba za gari. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alisoma maombi yao kwa makini. Kisha akawageuzia karatasi na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Saini za ndugu wawili wa marehemu, kwa damu au kwa ndoa. Wasipopatikana kufikia Jumatano, siku ambayo wachimbaji wanaanza kazi, marehemu anakuwa mikononi mwa kaunti. Atazikwa kwenye kiwanja cha kaunti, na atapewa namba.

"Namba," alirudia Lyle.

"Ndiyo sheria, baba. Una kaka, dada? Shangazi?"

Lyle hakuwa na mtu. Baba hayupo, mama hayupo, na kama kuna binamu basi wako Denmark na hawajui kama yeye amezaliwa. Aliusoma mstari ule mara mbili. Corinne, ambaye siku zote alikuwa na jibu la mahali pa kuweka kila kitu, aliigeuza karatasi kutafuta mstari mwingine. Wamemtafuta mtoto huyu chini ya lami, wamempata, na sasa anakwenda kuwa namba kwa mara ya pili.

Lyle akageuka. "Dirisha lile pale," alisema, "ndilo la leseni za ndoa."

Corinne alidhani anatania. Kisha akamwona usoni.

"Lyle, usinioe kwa ajili ya fomu."

"Pete ninayo tangu Februari. Iko kwenye sanduku la spana, imefungwa kwenye kitambaa. Nilikuwa nangoja Ijumaa nzuri, halafu ukaja ule mkutano."

Tangu Februari. Maana yake siku ile anaifuta mistari kumi na nne, pete ilikuwa tayari iko ndani ya pikapu.

"Mimi nilikufuta," alisema Corinne. "Uliniuliza mbele za watu, nikanyamaza."

"Ulinyamaza. Siku mbili baadaye ukasema, na mradi wako ukaupoteza. Mimi nilikaa miaka mitatu na siri ya dada yangu na sikumwambia mtu. Kati yetu nani wa kumcheka mwenzake?"

"Basi niulize vizuri. Sitaki kuwaambia watu kwamba niliposwa na karani."

Karani akavaa miwani yake ili asipitwe. Lyle Ostergaard akapiga goti katikati ya korido, suruali ina alama ya grisi pajani, watu wa foleni ya namba za magari wakageuka wote, na akamuuliza Corinne Vasek kama atakubali kuwa mke wake. Corinne akasema atakubali, tena leo, na kwamba andazi bado ni andazi na mchuzi ni mchuzi.

Hakimu wa ghorofa ya pili aliwafungisha ndoa saa saba mchana, kati ya kesi mbili. Lyle alikimbia kwenye gari kuleta pete, ikaja inanuka mafuta ya mashine. Mashahidi walikuwa karani, aliyefunga dirisha lake na kuweka kibao cha chakula cha mchana, na mkulima mmoja ambaye alikuja kuchukua namba mpya za trela na akasimama nazo kwapani mpaka mwisho.

Kisha wakateremka kwenye dirisha lile lile. Karani akaifungua fomu upya na kuuliza jina la marehemu. Lyle alisema hakupewa jina, hawakuwahi. Karani akaandika: Mtoto Ostergaard, msichana, siku mbili. Lyle akaweka saini, na kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu akaandika kaka.

Karatasi ikaja kwa Corinne. Saa nne asubuhi ya siku ile alikuwa si mtu wa ukoo huo kwa lolote. Aliweka saini kwa jina jipya, akalikosea herufi, akarekebisha. Akafika kwenye uhusiano, akasimama kidogo, akaandika: wifi.

Karani akaisoma, akapiga muhuri.